Darubini ndogo ya kutazamia ndege Amani: jibu kwa mwalimu wa Muheza

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Muheza ameniandikia. Analea klabu ya Malihai, ya wanafunzi wapenda wanyamapori, shuleni kwake, na mara kwa mara mwisho wa wiki hupanda na wanafunzi hadi msitu wa Amani kutazama ndege. Amejiwekea akiba ya shilingi laki nane hadi tisa. Anavaa miwani. Anataka darubini ya macho mawili iliyo ndogo, ya kuingia kwenye mkoba, isiwe ya bei ya kutupa lakini isiwe ya kitajiri pia. Dukani Tanga mjini ameonyeshwa mbili: moja imeandikwa 10x25, nyingine inavuta kuanzia mara 10 hadi mara 30. Muuzaji kamwambia achukue hiyo ya pili kwa sababu "inavuta zaidi". Anauliza: ipi kati ya hizo, na wanafunzi wataweza kuitumia kwa zamu?

Mwalimu, salaam, na hongera kwa kazi hiyo. Mtoto anayejifunza kumtambua ndege kwa jina akiwa kidato cha pili hamsahau tena, na anayekaa chini ya milima ya Usambara Mashariki ana utajiri ambao watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuutafuta.

Usichukue hata moja kati ya hizo mbili. Tafuta 8x32, au 8x30 ambayo ni ndugu yake. Ni kubwa kidogo kuliko zile za mfukoni, lakini nyingi zina uzito wa nusu kilo hivi na zinaingia mkobani bila shida. Kwa msitu kama wa Amani, na kwa mtu mwenye miwani, tofauti yake na 10x25 utaiona siku ya kwanza tu.

Nianze na zile namba. Ya kwanza inaeleza ndege anasogezwa karibu mara ngapi; ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi hutazama ya kwanza peke yake, na wauzaji wanalijua hilo. Lakini jambo linaloamua utaona nini msituni ni ya pili kugawanywa kwa ya kwanza. Shika darubini mbali na uso wako, uielekeze kwenye mwanga, kisha tazama ile lenzi ndogo ya upande wa jicho: utaona kiduara cheupe katikati. Huo ndio mwanga wote unaokufikia. Kwa 8x32 kiduara hicho kina upana wa milimita 4. Kwa 8x25 ni 3.1. Kwa 10x25 ni 2.5. Na ile inayovuta, ukiifikisha mara 30 huku lenzi yake ya mbele ikiwa ya milimita 25, kiduara kinabaki chini ya milimita moja.

Sasa linganisha na jicho lenyewe. Juani, mboni hujifunga hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo ukiwa ufukweni Tanga saa sita mchana unatazama vitwitwi wakidonoa matopeni maji yakiwa yamekupwa, 10x25 inatosha kabisa. Mwanga wa ziada ungekuwa wa bure. Ukishaingia chini ya miti mikubwa ya Amani, mboni inapanuka ikitafuta mwanga, inafika milimita 4 au zaidi, halafu darubini inaipa 2.5. Picha inakuwa na giza. Rangi ndizo zinazokufa kwanza, na rangi ndiyo uliyoifuata.

Mfano mmoja unatosha. Pale Amani kuna chozi wa kijani ambaye dume lake lina mkanda mwembamba mwekundu kifuani. Mkanda huo ni mwembamba kweli, na ndege mwenyewe hukaa juu, kwenye majani ya vilele, akizunguka na makundi ya ndege wengine wadogo. Saa moja asubuhi, wingu likiwa limeshuka, kwa darubini ya 10x25 mkanda ule unaonekana kama kivuli tu, na mwanafunzi wako ataandika daftarini "chozi, hajulikani". Kwa 8x32 nzuri, wekundu unatoka. Lenzi ya milimita 32 inakusanya mwanga zaidi ya ile ya 25 kwa takriban asilimia 64, kwa kuwa kinachohesabika ni eneo la kioo zima.

Jambo la pili ni upana wa unachokiona kwa mara moja. Kwenye boksi au kwenye maelezo ya mtengenezaji utakuta kipimo cha mita kwa umbali wa mita 1,000. Wakati mwingine huandika nyuzi (digrii). Zidisha nyuzi kwa 17.5 upate mita. Darubini nyingi za 10x25 hutoa kati ya mita 85 na 100. 8x30 nzuri hufika mita 145. Msituni hakuna anayetazama ndege wa mita 1,000, basi ilete hesabu hiyo hadi mita 20, umbali wa kawaida wa kichaka upande wa pili wa njia: 10x25 inakupa kipande cha chini ya mita mbili, 8x30 inakupa karibu mita tatu. Ndege wadogo wa Amani hawatulii. Kundi mchanganyiko linapita juu yako kwa dakika chache na kuondoka, na mwenye kidirisha chembamba anamaliza dakika hizo akitafuta tawi.

Hapa namfikiria yule ndege mshonaji mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui. Alielezwa kisayansi mwaka 1931 na kupewa jina la Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Hajulikani kuishi mahali pengine ila Usambara Mashariki na sehemu ndogo ya kaskazini mwa Msumbiji. Ni kidege cha kijivu kijivu, hakina urembo wa kukuita, na hukaa ndani ya mitambaazi iliyosongamana pale mti ulipoanguka na kuacha uwazi. Unausikia mlio, unaona jani linatikisika, basi. Kumpata unahitaji kuuona mtambaazi wote kwa pamoja ili ujue ni jani lipi lililotikisika, kisha uone ndani ya kivuli chake. Vitu hivyo viwili, upana na mwanga, ndivyo 10x25 inavyovikosa.

Na mikono? Kila kinachokuzwa mara 10, mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 10. Darubini nyepesi sana hutetemeka zaidi kwa sababu haina uzito wa kuitulizia mkononi, tena kwa mtu aliyetoka kupanda kilima cha kutoka Sigi moyo ukiwa bado unadunda. Mara 8 inatosha. Waongozaji wengi wa watazamaji ndege ninaowaheshimu hutumia mara 8 msituni na kuiacha mara 10 kwa mabwawa na mbuga.

Ile ya kuvuta kutoka 10 hadi 30 iache kabisa. Ndani yake kuna lenzi zinazosogea, na katika bei hiyo pande mbili ni nadra kusogea sawasawa. Macho yanalazimika kuzivuta picha mbili ziwe moja, na baada ya nusu saa kichwa kinauma. Uwanja wake wa kuona ni mwembamba hata kwenye mara 10. Kaa mbali pia na zile zenye vioo vyekundu vinavyong'aa kama ndani ya taa ya nyuma ya gari: utando ule unaurudisha nje mwanga mwekundu, ndege wote wanageuka rangi. Na ukikuta darubini ya kiganjani iliyoandikwa 60x60 au 180x100, toa rula. Lenzi ya mbele ikipimika milimita 30 na ushei, hizo namba zimeandikwa kukupata wewe. Inaniuma kuona walimu na vijana wa klabu wanatoa pesa zao za jasho kwa bidhaa kama hizo, kisha wanaamini kwamba kutazama ndege ni kwa wenye macho makali tu.

Sasa miwani, ambayo kwako ndiyo ya kuamua. Kila darubini ina umbali fulani ambao jicho linatakiwa kukaa kutoka kwenye lenzi ili lione picha nzima. Asiye na miwani hukaza jicho kwenye vikombe vya mpira na mambo yanakwisha. Wewe, kioo cha miwani kinakuweka nyuma. Umbali huo ukiwa mdogo utaona picha kupitia tundu, kingo zote zimekatwa, na ule upana tuliousifu hapo juu unapotea wote. Darubini ndogo za bei nafuu mara nyingi hutoa milimita 10 tu. Usikubali chini ya 15. 16 au zaidi ni bora. Na hata namba hiyo usiiamini kikamilifu, kwa sababu watengenezaji huipima kutoka kwenye kioo chenyewe, ilhali kioo kimekaa ndani kidogo ya ukingo wa kikombe, na milimita mbili tatu zinaishia hapo. Kwa hiyo ijaribu ukiwa umevaa miwani yako ya kila siku. Zungusha vikombe vishuke hadi chini, weka darubini kwenye miwani, tazama ukutani. Ukiona duara kamili lenye ukingo mkali mweusi pande zote, ni yako. Ukilazimika kuisukumiza miwani usoni ili uone ukingo, irudishe.

Najua utauliza: basi 8x25 nzuri, si ndiyo ndogo zaidi? Ni swali la haki. Zeiss wanayo Terra ED 8x25 yenye gramu 310, inakunjika, haiingizi maji, na inatoa mita 119 kwa mita 1,000. Ni kifaa kizuri kweli, na kwa mtu anayesafiri na mkoba mdogo, au anayejijua kwamba kitu kizito atakiacha nyumbani, ningempa bila kusita. Lakini kiduara cha mwanga cha milimita 3.1 kina tabia yake: jicho likihama kidogo, picha inazimika. Mtu mzima aliyezoea hujifunza kuiweka sawa. Mtoto wa miaka 14 anayeishika kwa sekunde kumi kabla ya mwenzake kuiomba hatajifunza. Ataona giza, atasema "nimeona" ili asionekane mjinga, na ataipitisha. Kwa klabu, milimita 4 zinasamehe zaidi.

Kuhusu vioo vyenyewe sina mengi. Ukiweza, tafuta alama ya ED, ambayo ni kioo kinachopunguza kingo za zambarau na kijani pale kitu cheusi kinapokuwa mbele ya anga jeupe. Hondohondo wa Amani akipita mbele ya mawingu utaiona faida yake. Prizimu, vile vioo vya ndani vinavyoigeuza picha isimame wima, ziwe za kioo cha BaK-4, na lenzi zote ziwe zimepakwa utando wa tabaka nyingi. Katika bei yako mambo haya mawili ya mwisho si anasa tena, watengenezaji wengi makini wanayaweka. Kwa prizimu unaweza kujihakikishia mwenyewe: kile kiduara cheupe kinatakiwa kiwe mviringo kamili. Kikiwa na pande zilizokatwa kama pembe za almasi, prizimu ni za daraja la chini.

Nitakaa zaidi kwenye unyevu, kwa sababu ndio unaoua darubini za Usambara. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua ukungu unatembea kati ya miti. Darubini isiyozibwa huingiza unyevu huo. Ukishuka Muheza kwenye joto vioo vinafanya ukungu kwa ndani ambako kitambaa hakifiki, na baada ya miezi kadhaa zinaanza nyuzi nyembamba za kuvu zinazotandaa juu ya kioo na kula utando wake. Hakuna kuzifuta bila kuifungua darubini, na kuifungua kunahitaji fundi mwenye vifaa vya kuzipanga pande mbili upya. Kwa hiyo nunua iliyojazwa gesi ya naitrojeni au agoni na iliyoandikwa wazi kwamba haiingizi maji. "Inastahimili manyunyu" haitoshi.

Ukirudi nyumbani usiifungie kwenye mfuko wake ikiwa na unyevu. Iache nje ya mfuko usiku mmoja mahali pakavu, kisha iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waambie wanafunzi wavikusanye, vitapatikana vingi. Vioo usivifute kwa ncha ya kanga wala shati. Vumbi la barabara ya Amani lina chembe za mchanga, na ukisugua unachora utando. Puliza kwanza, au piga piga kwa brashi laini, ndipo ufute taratibu kwa kitambaa cha miwani yako. Ukitoka ufukweni, panguza mwili wake kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kuondoa chumvi.

Kwa jina hasa, ningeanza na Nikon Prostaff P7 8x30 na Vortex Diamondback HD 8x32. Zote mbili haziingizi maji, zina uwanja mpana, na umbali wa jicho unaofaa miwani nyingi, ile ya Vortex ikinufaisha zaidi kidogo kwa kuwa na milimita 16. Nje ya nchi kwa kawaida huuzwa kwa dola mia mbili na kitu, na hiyo inakuachia nafasi ya usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18. Usisahau gharama hizo. Ndizo zinazogeuza darubini ya laki sita kuwa ya laki tisa. Ukipata nyongeza, au ndugu anayerudi nyumbani akikubali kukubebea, Nikon Monarch M7 8x30 ni hatua moja juu: ina kioo cha ED, mita 145 kwa mita 1,000, na inafokasi hadi mita 2, kwa hiyo kipepeo au kinyonga aliye mbele yako unamwona magamba. Kama zote zimekaa kwenye meza moja nawe unavaa miwani, inayokaa vizuri machoni mwako ndiyo uichukue, hata kama si ya bei kubwa zaidi.

Usiache kuuliza waongozaji wa watalii wa Arusha na Moshi. Wageni wengine huuza au huacha darubini zao mwisho wa safari, na 8x32 iliyotumika kwa uangalifu ni bora kuliko mpya ya ubora wa chini. Ila kagua. Washa tochi ya simu, imulike kupitia lenzi ya mbele huku ukichungulia upande mwingine. Kuvu na vumbi vya ndani vitaonekana hapo hapo. Kisha tazama nguzo ya umeme ya mbali, funga jicho moja, fungua, badilisha. Nguzo ikiruka juu au chini, pande mbili hazijapangana, na hiyo huitaki kwa bei yoyote. Zungusha gurudumu la fokasi mwanzo hadi mwisho: liwe laini, lisikwame, lisiwe na ulegevu. Na usijaribu darubini kwenye jua la barabarani, huko zote ni nzuri. Ingia barazani, tazama kona yenye kivuli, soma maandishi ya kitu kilicho gizani ndani ya duka la pili.

Sasa wanafunzi. Ndiyo, watatumia kwa zamu, lakini darubini inapohama mikono, vitu vitatu vinabadilika: upana kati ya macho, vikombe, na ile pete ya jicho la kulia inayosawazisha tofauti ya macho mawili. Pete hiyo ipange mara moja kwa macho yako. Ukiwa na miwani, tazama kitu cha mbali chenye mistari wazi, ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, fokasi kwa gurudumu hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete hadi jicho la kulia lione sawasawa pia. Weka nukta ya rangi ya kucha mahali pete ilipokaa, ili wakiihamisha uirudishe bila kuanza upya. Watoto wenye uso mwembamba huenda wasiweze kuikunja vya kutosha. Hao waache watumie jicho moja, wataona vizuri tu.

Kabla ya kwenda nayo msituni, wafanyishe zoezi uwanjani pa shule. Mwanafunzi amkazie macho kunguru au shorewanda mtini, asiyaondoe macho hata kidogo, kisha ailete darubini usoni. Wengi hufanya kinyume: huinamisha kichwa, huiweka darubini machoni, ndipo huanza kutafuta mti. Warudie hadi wampate ndege kwa mara ya kwanza bila kuhangaika. Baada ya hapo wapeleke kwenye pindo la msitu karibu na mashamba ya chai ya Kwamkoro, ambako ndege huonekana kwa urahisi zaidi kuliko ndani, na uwaanzishe kwa shorokanga: ni mkubwa, ana kelele, na akiruka wekundu wa mabawa yake unatosha kumfanya mtoto aombe zamu nyingine. Mshonaji wa kwenye mitambaazi wawekee kidato cha nne.